Lango Lisilo na Kufuli

Mwishoni mwa Aprili nilisimama mbele ya lango dogo la mbao, kwenye mteremko wa mlima kusini mwa Ujerumani, nikashindwa kulivuka. Halikuwa na kufuli. Hapakuwa na mlinzi wala mbwa. Lilifungwa kwa mnyororo mfupi uliotundikwa kwenye msumari, na mtoto wa miaka mitano angeweza kulifungua. Lakini upande wa pili palikuwa na malisho ya mtu, nyasi changa zilizotunzwa, na njia nyembamba ya miguu ilikata katikati yake kuelekea msituni. Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Nililelewa nikijua kwamba huingii katika kihamba cha mtu bila kupiga hodi. Na kwa kuwa nimeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka ishirini, nimejifunza pia somo la pili, lililo chungu zaidi: penye uzio, hapakuhusu.

Mwenyeji wangu alikuwa amekwisha kupita. Aligeuka akaniona nimeganda.

"Unangoja nini?" aliniuliza.

"Nangoja kujua shamba hili ni la nani."

Jibu alilonipa ndilo lililonifanya niandike makala haya, lakini ili lieleweke sina budi kuanza na mwanzo wa safari.

Nilikuwa Munich kwa wiki sita, nimealikwa kufundisha juu ya siasa za maliasili katika Afrika Mashariki. Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu wa sheria, mama anayekaribia miaka sabini, ambaye magoti yake ni imara kuliko yangu ingawa ananizidi kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwita Mama kwa sababu ya umri wake. Mwanzoni alicheka, baadaye akawa anaitika. Tulizungumza Kiingereza, lugha ya kuazima kwetu sote wawili. Jumamosi moja alisema haiwezekani nirudi nyumbani nikiwa nimeiona Bavaria kupitia madirisha ya maktaba tu. Tukapanda treni ya asubuhi kwenda Garmisch-Partenkirchen, mwendo wa takriban saa moja na nusu.

Mji huo unaishi kwa theluji. Majira ya baridi hoteli zake hujaa watu waliokuja kuteleza kwa ski, na kila tarehe mosi Januari televisheni huonyesha kutoka huko mashindano ya kuruka kwa ski. Aprili ni wakati wa katikati. Maduka mengi ya kukodisha ski yalikuwa yamefungwa, mafundi walikuwa wakikagua nyaya za magari ya kebo, na wenyeji walionekana kama watu wa nyumba ambayo wageni wa arusi wameondoka jana yake. Bondeni nyasi zilikuwa na ule ukijani wa shamba la mahindi wiki chache baada ya mvua za masika kuanza. Vibanda vidogo vya mbao vya kuhifadhia majani makavu vilitapakaa malishoni. Kila mahali palisikika maji: chini ya madaraja, kando ya barabara, ndani ya mifereji, theluji ya juu ikishuka kwa haraka.

Kwenye mteremko mmoja, katikati ya kijani chote kile, ukanda mweupe uliochafuka ulishuka kutoka juu kama kanzu iliyoanikwa ikasahauliwa. Niliuliza ni kitu gani. Mama akaniambia kwamba ile ni theluji ya mashine. Usiku wa baridi mizinga hurusha maji hewani yakaganda kabla hayajafika chini, kisha magari mazito huishindilia hata ikawa ngumu, ndiyo maana huchelewa kuyeyuka.

"Kwa hiyo ya Mungu imekwisha, ya mashine ingalipo," nilisema.

"Ya mashine ina ankara," alijibu, "kwa hiyo huyeyuka polepole."

Juu ya bonde hilo umesimama Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote nchini Ujerumani, wenye mita 2,962. Ni zaidi kidogo tu ya nusu ya Kilimanjaro. Karibu na kilele chake kuna barafu ya kudumu iitwayo Schneeferner, iliyogawanyika vipande viwili. Mwaka 2022 wataalamu walitangaza kwamba kipande cha kusini kimepungua mno kiasi kwamba hakistahili tena kuitwa barafu ya kudumu. Habari hiyo haikunishangaza. Sisi tuliozaliwa chini ya Kibo tumekua tukiuona weupe wake ukipungua mwaka hadi mwaka. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Milima hii miwili inayeyushwa na moshi uleule, ingawa haukutoka kwa wingi sawa katika majiko ya pande zote mbili.

Lakini kuna jambo jingine linaloiunganisha, na wasomaji wangu vijana huenda hawalijui. Kwa takriban miaka thelathini Zugspitze haukuhesabiwa kuwa mlima mrefu kuliko yote wa Ujerumani. Sifa hiyo ilikuwa ya Kilimanjaro. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, mwana wa mchapishaji vitabu wa Leipzig, alifika juu ya Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria. Akakipa kilele jina la Kaisari Wilhelm, akakitangaza kuwa kilele kirefu kuliko vyote katika ardhi ya Ujerumani. Alichukua jiwe pale juu akampelekea Kaisari, likawekwa katika kasri lake huko Potsdam. Waliobeba mahema na chakula chake hadi miinukoni walikuwa Waafrika, na historia rasmi haikujishughulisha nao kama ilivyojishughulisha na jiwe. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Ujerumani ilipoteza koloni, na Zugspitze ukarudi kuwa wa kwanza. Usiku wa Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipandisha mwenge na bendera juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru.

Nilimsimulia Mama hayo yote tukiwa bado mjini, naye alisikiliza bila kujitetea. Kisha akasema, "Njoo nikuonyeshe kwamba tulinyang'anyana hata sisi kwa sisi."

Alinipeleka kwenye uwanja wa ski, chini ya mnara mkubwa wa kurukia. Uwanja huo ulitumika katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 1936. Garmisch na Partenkirchen ilikuwa miji miwili hadi mwaka mmoja kabla ya michezo hiyo, serikali ya Hitler ilipoiunganisha. Kabla wageni wa dunia hawajafika, mabango yaliyosema kwamba Wayahudi hawatakiwi yaliondolewa barabarani ili mji uonekane mkarimu. Wageni walipoondoka, ukarimu nao ukaondoka. Novemba 1938 Wayahudi waliokuwa wakiishi mjini hapo walifukuzwa. Na ubaguzi huo haukuanzia kwa Hitler. Mwaka 1924 chama kikubwa cha wapanda milima cha Wajerumani na Waaustria kilikwisha kulifukuza tawi lake la Donauland kwa sababu wanachama wake wengi walikuwa Wayahudi. Watu waliokuwa wakiamkiana njiani na kushiriki kamba moja kwenye majabali waliamua kwamba mlima una wenyewe.

Nilitazama mnara ule kwa muda. Watalii wawili walikuwa wakipigana picha. Maji ya theluji yalidondoka kutoka kwenye paa.

Tulikuwa tumekusudia kupita katika korongo la Partnach, ambamo mto umechonga njia yake kati ya kuta za mawe zenye urefu wa zaidi ya mita 80. Korongo lilikuwa limefungwa. Majira hayo vipande vya barafu huanguka kutoka kwenye kuta, na mawe yaliyolegezwa na baridi hufuata. Kwa hiyo tulichukua njia ya msituni kupanda kwenda Eckbauer, kilima chenye mita 1,237, kiasi cha mita mia tano na ushee juu ya mji. Kwa mtu wa Kilimanjaro hicho si kitu cha kujisifia, na siandiki ili nijisifu. Nusu saa haikupita kabla sijatamani fimbo.

Njiani nilijifunza mambo mawili. La kwanza ni vibao. Kila njia panda pana kibao cha manjano kinachotaja uendako na muda utakaotumia. Hakitaji kilomita, kinataja saa. Nilimkumbuka bibi yangu, ambaye ukimuuliza umbali wa mahali alikujibu kwa kukuambia jua litakuwa wapi utakapofika. La pili ni salamu. Mjini Munich watu hupishana bila kuangaliana. Mlimani kila tuliyekutana naye alitusalimu kwa maneno yao ya kumtaja Mungu, nasi tukaitikia. Mtu anayepumua kwa shida akikusalimu, unajua kwamba salamu hiyo imemgharimu.

Ndipo tukafika kwenye lango.

"Shamba ni la mkulima wa nyumba ile," alisema Mama akionyesha paa chini yetu. "Ng'ombe wake wako bandani bado, watatoka majani yakikua. Ardhi ni yake, majani ni yake. Kupita ni kwako."

"Ameruhusu?"

"Haombwi. Imeandikwa katika katiba."

Alinieleza tukiwa tumesimama palepale, mimi upande huu wa lango, yeye upande ule. Katiba ya jimbo la Bavaria, ibara ya 141, inasema kwamba kila mtu anaruhusiwa kufurahia uzuri wa asili na kupumzika katika mazingira ya wazi, hasa kuingia katika misitu na malisho ya milimani, kupita majini kwa chombo, na kuchuma matunda ya mwituni kwa kiasi cha desturi ya mahali. Hapohapo inamtaka kila mtu aitunze asili anayoifurahia. Kisha inakwenda mbele zaidi: inaipa serikali na halmashauri haki na wajibu wa kuyaacha wazi kwa umma maeneo ya kuifikia milima, maziwa na mito, hata kwa kuuwekea mipaka umiliki pale inapobidi, na wa kutengeneza njia za kutembelea.

"Kila mtu," nilirudia. "Au kila raia?"

"Kila mtu. Hata wewe. Ila ukipita, funga lango."

Nikapita. Nikafunga lango.

Nilimuuliza aliyeandika maneno hayo ni nani. Akamtaja Wilhelm Hoegner, mwanasheria na mwanasiasa aliyekimbia utawala wa Hitler mwaka 1933 akaishi uhamishoni, sehemu kubwa nchini Uswisi, akarudi mwaka 1945 na kuongoza uandishi wa katiba hiyo. Wananchi waliipitisha kwa kura ya maoni tarehe 1 Desemba 1946. Munich wakati huo ilikuwa vifusi. Watu walikuwa na njaa, hawana makaa, wengi hawana paa. Na katika hali hiyo kuna waliokaa kwenye meza ya katiba wakaona ni lazima iandikwe kwamba kila mtu ana haki ya kuingia msituni akachuma uyoga. Zamani ningeliona jambo hilo kuwa la anasa. Baada ya kuuona uwanja wa 1936 asubuhi ileile, sikuliona hivyo. Watu waliokwisha kuona mabango ya kumfukuza jirani walijua kwa nini neno "kila mtu" linahitaji kuandikwa mahali pasipofutika kwa urahisi.

Juu ya Eckbauer kuna mgahawa. Tulikaa kwenye benchi la nje, mbele yetu Alpspitze ukiwa mweupe bado, ukikatwa na jua. Chini ya miguu yetu maua madogo ya zambarau yalikuwa yametoboa majani yaliyolazwa na theluji. Tuliagiza supu. Mama alinihadithia jambo jingine la mji ule: mwezi Novemba 2013 wananchi wa Munich, wa Garmisch-Partenkirchen na wa wilaya nyingine mbili waliulizwa kwa kura kama wanataka kuomba kuandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya 2022. Wakakataa, pande zote nne. Wengine walihofia gharama, wengine malisho na milima. Unaweza kuukubali au kuukataa uamuzi wao. Mimi kilichonigusa ni kwamba waliulizwa.

Kijana aliyekuja kuondoa mabakuli alinitazama kwa namna ambayo Waafrika tuliokutana ugenini tunaijua. Alikuwa ametokea Eritrea. Alifanya kazi ya jikoni, hii ikiwa ni miaka miwili sasa. Nilimuuliza kama huwa anapanda vilele vile siku za mapumziko. Alicheka.

"Siku ya mapumziko nashuka kwenda Munich kuwaona watu wa kwetu," alisema. "Mlima kwangu ni kazi, kaka."

Supu ilipoa mbele yangu, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasikia.

Baba yangu alikuwa mpagazi. Miaka ya sabini na themanini, kabla kahawa haijamshinda na kabla mgongo haujamkataza, alibeba mizigo ya wageni kutoka lango la Marangu hadi kibanda cha Kibo, mita 4,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Leo kanuni inasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Yeye alibeba alichopewa. Mahindi yetu, daftari zetu na sare zangu za shule ya msingi zilishuka kutoka mlimani juu ya kichwa chake. Alifika Kibo mara ambazo mwenyewe hawezi kuzihesabu. Kileleni hakufika hata mara moja. Mpagazi huishia Kibo. Usiku wa manane mgeni huondoka na mwongozaji kwenda Uhuru, na mpagazi hubaki akichemsha maji ya watakaorudi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kilele kikoje. Aliniambia, "Sijui. Mlima kwangu ni kazi."

Na mimi, mwanawe, mwenye shahada ya uzamivu, ninayefundisha siasa za maliasili na kualikwa ng'ambo kuzieleza, sijawahi kuvuka kibanda cha Mandara. Nilikwenda mara moja, na safari ya shule. Ada ya kiingilio kwa Mtanzania haifanani na ile ya mgeni, ni nafuu sana, na haki itendeke tuliseme hilo. Lakini mlima huo una gharama nyingine: siku tano au sita bila kazi, mavazi ya baridi ambayo hakuna duka la kijijini linaloyauza, mwongozaji ambaye ni lazima umchukue. Juu ya yote kuna kizuizi kisicho na bei, nacho ni mazoea. Sisi watu wa mlima tumezoea kuuona mlima kuwa wa wageni. Tunaupanda tukiwa na mizigo yao, au hatuupandi.

Tulishuka kwa upande wa kijiji cha Wamberg, kanisa na nyumba chache kwenye ukingo wa malisho. Tulivuka malango mengine matatu. La mwisho nililifungua mimi.

Usiku ule, miguu ikiuma, nilifungua kompyuta kwa hasira. Nilitaka kuandika makala ya kulinganisha: wao wana haki, sisi hatuna. Nilianza na Katiba yetu. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya Jamhuri ya Muungano. Wajibu wa kulinda upo. Haki ya kufurahia sikuiona. Nikafurahi kwa furaha mbaya ya msomi aliyepata ushahidi anaoutaka. Kisha, kwa kuwa mtafiti hulazimika kufungua na ukurasa unaofuata, nikafungua Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Kifungu cha 4 kinasema kwamba kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Halafu kinaongeza kwamba haki hiyo ni pamoja na haki ya kila raia kuyafikia maeneo ya umma ya mazingira kwa ajili ya burudani, elimu, afya, mambo ya kiroho, utamaduni na uchumi. Kifungu kinachofuata kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari au ziwa na kutoka kwenye kingo za mto.

Nilisoma mara tatu. Ni sheria yetu, imepitishwa na Bunge letu, na nilikuwa sijui. Miaka yote nimepita kando ya kuta za Dar es Salaam ambazo nyuma yake kuna bahari, nikiwaambia wanangu, "Huku hatupiti." Sikuwahi kuuliza ukuta ule umejengwa mita ngapi kutoka majini. Ningewezaje kuwalaumu wanafunzi wangu kwa kutojua haki zao?

Basi hoja niliyoikusudia ilivunjika, ikabaki nyingine, nzito zaidi. Tofauti kati ya lango lile la mbao na ukuta wa ufukweni kwetu haiko katika kuwa na sheria au kutokuwa nayo. Haki ya Bavaria ina njia. Ina kibao cha manjano kinachokuambia saa moja na nusu. Ina treni ya kumfikisha mfanyakazi wa kawaida chini ya mlima Jumamosi asubuhi na kumrudisha jioni. Ina halmashauri inayojua kwamba njia ikizibwa itaulizwa. Ina bibi wa miaka sabini anayeweza kukutajia namba ya ibara akiwa amesimama kwenye matope. Haki yetu imeandikwa, imechapishwa, ikakaa. Haki isiyo na njia ni kama daraja lililojengwa mahali pasipo na barabara: hulipitishi chochote zaidi ya macho.

Nisieleweke vibaya. Ile nchi si pepo. Kijana wa Eritrea anaosha mabakuli katikati ya uzuri ambao katiba imemruhusu kuufurahia, na hana siku wala sababu ya kuufurahia. Haki kwenye karatasi haimpandishi mtu mlima. Riziki na muda ndivyo vinavyompandisha. Hilo ni kweli kwao na ni kweli kwetu.

Wala nisidaiwe kwamba nimeleta jambo la Wazungu. Uchagani tulikuwa na mfongo. Mfereji huo wa maji ulianzia juu msituni, ukapita katika kihamba cha huyu kwenda kwa yule, na mwenye kihamba hakuwa na ruhusa ya kuuziba kwa hoja kwamba ardhi ni yake. Ardhi ilikuwa yake. Kupita kulikuwa kwa maji, na kwa watu waliofuata maji kuyatengenezea njia. Kila ukoo ulikuwa na zamu yake ya kumwagilia, na kila mwenye zamu alitoka kwenda kusafisha. Haki na wajibu katika mtaro mmoja. Mwaka 2005 mpaka wa hifadhi ya Kilimanjaro ulishushwa ukaingiza msitu, na pamoja nao ule ukanda wa nusu maili uliokuwa umetengwa tangu 1941 kwa mahitaji ya wanavijiji. Sababu za kuulinda msitu zilikuwa nzito, kwa maana ulikuwa ukikatwa, na mimi si mtetezi wa msumeno. Lakini mama yangu, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe katika ukanda ule, alijifunza uzeeni kuuogopa msitu aliokulia. Mtu aliyefundishwa kuogopa atawezaje kutekeleza ibara inayomtaka alinde?

Ninachopendekeza ni kidogo. Halmashauri za miji ya pwani zipime mita 60 na kuweka alama inayoonekana, ili mvuvi na mtoto wa shule wajue mwisho wa ukuta wa mtu na mwanzo wa bahari ya watu. Wilaya zinazozunguka mlima zitengeneze njia fupi za siku moja, zenye vibao, za Kiswahili, kwa wenyeji wasio na fedha wala haja ya kufika kileleni. Na shule zetu zikifundisha kwamba Hans Meyer "aligundua" chochote, zifundishe pia kifungu cha 4.

Jumapili nilimpigia baba simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Huko baridi?"

Nilimweleza kwamba nimepanda kilima, nimeona theluji ya mashine, nimepita katika shamba la mtu bila kupiga hodi. Alisikiliza kimya. Kisha akauliza swali ambalo mtu mwingine yeyote asingeliuliza.

"Mzigo alikubebea nani?"

"Nilibeba mwenyewe, baba. Ulikuwa mkoba mdogo, maji na koti."

Akacheka hadi akakohoa. Nikamwambia kwamba Desemba, tutakapokuja wote kwa Krismasi kama ilivyo desturi ya kwetu, nataka twende mlimani yeye, mimi na wajukuu wake wawili. Si mbali, hadi Mandara tu, polepole, tulale, turudi. Nilitegemea akatae kwa sababu ya mgongo. Ana miaka sabini na minne. Palipita kimya kirefu, nikadhani simu imekatika.

"Nitakwenda," alisema mwishowe. "Lakini nakuambia mapema, mwanangu: safari hii sibebi kitu."